Ndala za Droo ya Juu

Rahmah hakuwa mtu wa kulea makorokoro. Duka lake la vipuri vya pikipiki pale Namakwekwe, mjini Mbale, lilikuwa dogo kiasi kwamba wateja wawili wakiingia pamoja ilibidi mmoja arudi barazani, lakini humo ndani kila plagi, kila mnyororo na kila kebo ya klachi ilijua kwao. Kitu kikichakaa, alikitupa. Kikivunjika, alikitupa. Kikianza tu kumtazama vibaya, alikitupa pia, kisha kesho yake akakitafuta nyumba nzima huku akigomba.

Kilichomshinda ni ndala zake mwenyewe. Hizo alizimaliza kabla hajapata nafasi ya kuzitupa. Jirani yake Nafuna, mama wa Kigisu aliyekaanga mandazi mlango wa pili, hakuacha kumchokoza kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, na ndala aliziita sapatu, kama wanavyoziita watu wengi wa huko.

"Rahmah, weye nakula sapatu upande moja tu! Ya mimi namaliza mwaka. Ya weye bado mpya, kisigino kwisha."

"Mguu wangu unajua kutembea, Nafuna. Wako umezoea kukaa."

Nafuna alicheka mpaka akasahau mandazi kwenye mafuta, na siku hiyo wateja walikula meusi.

Basi mwanamke wa namna hiyo, mwenye mkono mwepesi wa kutupa, ndiye aliyekwenda Jinja kumfungashia baba yake vitu.

Baba yake, Mzee Nasif, alikuwa fundi makanika kule Wanyange, kando ya ziwa. Injini za boti za wavuvi, mashine za kusaga mahindi, pikipiki, jenereta, vyote vilipita mikononi mwake. Siku za soko alikuwa akienda hadi Buwenge na spana zake zimefungwa kwenye kitambaa, akatengeneza mashine ya huyu na ya yule, akarudi jioni na kuku au mkungu wa ndizi. Mkewe Aminah alikwisha kufariki. Mwanawe mkubwa, Bruhan, alikuwa Arabuni kikazi na alipiga simu kila Ijumaa. Mzee akabaki peke yake na gereji yake ya mabati. Sasa mwenye kiwanja alitaka kujenga, na gereji ilitakiwa iondoke.

Mzee alikataa kwenda Mbale kwa muda mrefu. Alikataa kwa upole, ambako ndiko kukataa kubaya kuliko kote, maana hakuna pa kubishana. Hatimaye alikubali kwa sharti moja. Alikuwa na kabati la mbao alilolitengeneza mwenyewe, lenye droo tatu za zana.

"Kabati linakuja kama lilivyo, mama," alimwambia binti yake. Tangu Rahmah akiwa mdogo alimwita mama.

"Linakuja, Baba."

"Kama lilivyo."

"Kama lilivyo, Baba, nimesikia."

Alikuwa amesikia kweli, ila kwa sikio lile tunalowapa wazee wakati akili inahesabu masanduku.

Ijumaa ya kuhama, Mzee Nasif alioga, akavaa kanzu, akaenda msikitini kuswali na kuwaaga wenzake. Rahmah akabaki na Makokha. Huyu Makokha alikuwa Mkenya wa Bungoma, dereva wa lori, mpangaji mwenzake kule Namakwekwe, mtu mwenye mwili mkubwa na sauti ya kuamsha mtaa. Alikuwa akirudi tupu kutoka Jinja, akakubali kubeba vitu vya mzee.

Walipojaribu kuliinua kabati, Makokha alilishusha chini upesi.

"Dada, hii kitu ni kama mzee amefungia ng'ombe ndani. Toa hizo chuma kwanza."

Rahmah akavuta droo ya juu. Spana zilikuwa zimelala humo kila moja kwenye kitanda chake, kuanzia namba nane hadi namba ishirini na nne. Vitanda vyenyewe vilikuwa vipande vya raba vilivyogandishwa kwenye ubao kwa solusheni, ile gundi ya kuzibia tyubu, na vyote vilikuwa vyeusi kwa grisi ya miaka. Mtu mgeni asingejua ni nini. Rahmah alijua. Zilikuwa ndala.

Aliwahi kumsaidia baba yake kuzitengeneza. Alikuwa bado mtoto wa kubebeshwa jagi la maji. Mzee Nasif, ambaye wakati huo hakuwa mzee, alikuwa amechoka kupekua droo nzima kutafuta spana moja, na sanduku la maana la zana lilikuwa kwa Wahindi wa mjini, nyuma ya kioo, la kutazamwa tu. Basi akakusanya ndala kuukuu za nyumbani. Akatia spoku ya baiskeli kwenye moto wa mkaa mpaka ikawa nyekundu, akaweka spana juu ya ndala, akaizungushia ile spoku taratibu kama mtu anayechora. Raba ikayeyuka, ikatoa moshi, kipande kikatoka, na palepale palipobaki shimo spana ikaingia ikatulia. Kazi ya Rahmah ilikuwa kuishikilia spana isicheze. Mama yake alikuwa dirishani akilalamika kwamba pilau yake itanuka gurudumu.

Kila spana ilipata ndala ya kuitosha. Zile ndefu zililala kwenye ndala kubwa za Baba. Namba kumi na saba ilikwenda kwa Bruhan. Namba kumi na tatu, ambayo fundi huishika kuliko nyingine zote, ilikwenda kwenye ndala ya Mama, na Baba aliigeuzageuza ile ndala kabla ya kuikata, akacheka.

"Mama yenu anakanyaga dunia kwa upande," alisema kwa sauti ili dirishani wasikie. "Kama anaogopa kuiumiza."

"Ningeikanyaga sawasawa ningekuwa nimeshafika mbali na wewe!" dirisha likajibu.

Ndala nyekundu ya Rahmah ndiyo iliyokuwa ya mwisho. Ilikuwa imekatika kamba, lakini aliilia kama vile ni mpya. Baba yake akachuchumaa mbele yake na ile spana ndogo kuliko zote.

"Namba nane inataka kulala, mama. Utainyima kitanda?"

Akampa. Na alipokuwa akizigandisha, Baba alizipanga droo nzima vilevile zilivyokuwa zikipangwa mlangoni mwao jioni: zake mwanzo, ya Mama ubavuni, ya Bruhan, kisha ile nyekundu. Rahmah alikumbuka yote hayo, amesimama pale kwenye gereji na mkono juu ya droo, na moyo wake ukalegea kidogo. Kisha akaona vidole vyake vimejaa grisi.

Kwake yeye kumbukumbu ilikuwa kitu kimoja na uchafu ulikuwa kitu kingine. Tena kulikuwa na jambo alilolionea aibu chinichini: fundi wa sifa kama baba yake kuzeeka na zana zilizolala juu ya ndala, na binti yake ana duka la vipuri! Alikuwa amekwisha kumnunulia trei za plastiki za buluu, zenye vijishimo vya spana, mpya, zinang'aa. Alitaka mzee afike Mbale afungue droo ashangae. Akachukua bisibisi bapa, akabandua ndala moja baada ya nyingine.

"Dada," Makokha alisema, "si mzee amesema kabati ije vile iko?"

"Amesema kabati. Uchafu hakuutaja."

Makokha akaenda kufunga kamba za lori, maana hakuwa baba yake. Ndala zikaenda kwenye moto wa takataka nyuma ya gereji, pamoja na matambaa ya grisi na maboksi. Moshi wake ulikuwa mweusi, na harufu ilikuwa ileile ya zamani. Rahmah aliinusa akatabasamu, akaendelea kufunga vitu. Kabati lilipokwisha kupandishwa lorini, akatia zile trei kwenye droo na kuzirudisha spana juu yake.

Mzee Nasif aliporudi kutoka msikitini, moto ulikuwa umekwisha kuzimika. Alisimama kidogo akainua pua.

"Mnachoma nini?"

"Takataka tu, Baba."

"Haya."

Akapanda lorini, akaketi kati yao, na mpaka wanavuka mji hakugeuka nyuma.

Namakwekwe walimpokea vizuri. Nafuna alileta mandazi ya kumkaribisha, safari hii ya rangi ya kawaida. Rahmah alikuwa amemtengea chumba chenye mlango wa kutokea barazani, na kabati likawekwa palepale mlangoni ili afanye kazi zake ndogondogo kwenye mwanga. Akasubiri kwa hamu, kama mtoto aliyeficha zawadi.

Mzee akavuta droo ya juu. Hakuinama kutazama. Alitia mkono tu, akiwa amegeuzia uso barabarani, na mkono ukatua kwenye plastiki. Ukasimama. Ukaenda kushoto, ukarudi, ukapapasa mpaka pembeni na kurudi tena. Spana zilikuwa zimeruka kwenye vijishimo vyake kwa misukosuko ya lori, nazo ziligongana kwa kelele.

"Nimekununulia trei mpya, Baba. Unaona zilivyo safi?"

Mzee akautoa mkono. "Naona, mama," alisema. "Ahsante. Mungu akuzidishie." Akaisukuma droo ndani polepole.

Tangu hapo Mzee Nasif hakuigusa tena. Waendesha boda wa mtaa, waliokwisha kusikia kwamba baba wa Mama Vipuri, kama walivyomwita Rahmah, ni fundi wa injini, walikuja na pikipiki zao, naye akawaambia mikono imechoka. Alikaa barazani na tasbihi yake. Aliwasikiliza watoto wakipita, akamjibu Nafuna vizuri akisalimiwa, akala alichopewa. Kisha siku moja baada ya chakula cha mchana akamwambia Rahmah, kwa ule upole wake wa kukatia watu shauri, kwamba angependa kurudi Jinja.

"Utarudi wapi, Baba? Gereji haipo."

"Msikiti upo. Kuna chumba cha nyuma, wenzangu hawatanikatalia. Hapa mimi ni mzigo tu, mama. Nimekaa kama gunia."

Rahmah akaacha kukusanya vyombo. Alikuwa na baba mmoja tu, na alikuwa ametamani miaka mingi awe naye karibu, amsikie akikohoa asubuhi, amgombeze kwa kutokula. Sasa amempata, na mzee anataka kwenda kulala nyuma ya msikiti kama msafiri. Akajaribu kucheka. "Hapa hujazoea tu, Baba." Lakini usoni mwa mzee hakukuwa na mzaha.

Aliyelifumbua fumbo ni Makokha. Kioo cha pembeni cha lori lake kilikuwa kimelegea kwa mashimo ya barabara ya Tororo, akaja kuomba kukikaza. Rahmah alikuwa dukani, mlango uko wazi, anasikia yote.

"Mzee wangu, nisaidie kumi na tatu."

"Chukua mwenyewe, Makokha."

"Mikono imejaa mafuta, mzee. Nitakuharibia droo safi ya dada."

Droo ikavutwa, na spana zikagongana kwa muda mrefu.

"Hii ni kumi na saba, mzee."

Zikagongana tena.

"Hii nayo kumi na nne." Makokha alianza kucheka, kwa maana alidhani anataniwa. Kisha kicheko kikakatika. Alipokuja dukani alikuwa ameshusha sauti, jambo ambalo Rahmah hakujua kama linawezekana.

"Dada, mzee haoni."

"Anaona. Juzi tu kanisifia trei."

"Haoni. Nimepitisha mkono mbele ya macho yake. Dada, amekuwa akiendesha kwa mazoea. Kule Jinja alikuwa anajua barabara yote, kila shimo. Hapa tumemletea barabara mpya."

Rahmah aliacha duka wazi, kitu ambacho hakuwahi kukifanya, akaenda barazani akaketi chini mbele ya baba yake. Akayatazama yale macho kwa mara ya kwanza kama mtu anayetazama, si kama mtu anayemwona baba yake. Yalikuwa na ukungu, na yalikuwa yakielekea mahali ambapo yeye hakuwapo.

"Tangu lini, Baba?"

Mzee Nasif akapitisha punje mbili tatu za tasbihi. "Tangu mama yako angali hai. Yalianza pembeni, yakaja kati. Sasa naona mwanga na kivuli. Ningesema, nani angeniletea injini? Nati huikaza kwa vidole, mama, si kwa macho. Na spana nilikuwa najua zilipo."

"Kwa zile ndala."

"Kwa zile ndala." Akatabasamu kidogo. "Wewe uliziona chafu. Mimi nilikuwa sizioni, nilikuwa nazigusa. Nilikata katikati tu, unakumbuka? Mbele na nyuma nilipaacha. Pale mbele vidole vya mtu vimechimba vishimo vyake, pale nyuma kisigino kimechimba chake. Bruhan alikuwa amekanyaga kaa la moto, ndala yake ilikuwa na tundu. Yako ilikuwa ndogo hivi. Nikitia mkono najua huyu ni nani, na nikijua huyu ni nani najua spana yake. Sihesabu. Sasa kwenye plastiki yako nahesabu, moja mpaka mwisho, kama mtoto wa madrasa, na zikiruka napotea."

"Na ya Mama?"

Mzee akaiweka tasbihi mapajani.

"Ya Mama ilikuwa kumi na tatu," akasema. "Ndiyo maana kumi na tatu sikuiazimisha mtu hata siku moja. Nilikuwa naiondoa kisha naishika ile ndala kidogo, ndipo naendelea na kazi. Nikifungua droo ile, Rahmah, nilikuwa nawakuta wote wamerudi nyumbani." Akageuza uso upande wake, ila kidogo pembeni ya pale alipokuwa. "Ulizipeleka wapi, mama? Ziko stoo?"

Alikuwa na matumaini. Hilo ndilo lililomuua Rahmah: sauti ile ilikuwa na matumaini.

"Nilizichoma, Baba."

"Aa," alisema Mzee Nasif. Mkono wake ukamtafuta kichwani, ukampata, ukampapasa juu ya ushungi. "Basi ule moshi ndio ulikuwa wenyewe. Basi, mama. Usilie. Raba tu ile."

Lakini Rahmah alilia, tena kwa sauti, hadi Nafuna akaja mbio na mwiko mkononi akidhani kuna msiba. Na ulikuwapo.

Alimpeleka kwa daktari wa macho. Daktari, kijana mpole, alisema ni presha ya macho, kilichopotea hakirudi, kilichobaki kitunzwe kwa dawa ya matone. Mzee akamshukuru daktari kana kwamba amepewa habari njema. Njiani kurudi akauliza ni siku gani kuna basi la Jinja.

Rahmah akaomba apewe muda kidogo. Hakusema wa nini.

Mwanamke aliyekuwa akitupa kila kitu akageuka mwokotaji. Alipita nyuma ya nyumba za kupanga akichakura ndala kuukuu, na Namakwekwe, mtaa usio na siri, ukaanza kuuliza kama Mama Vipuri yuko salama. Akazisugua kwa sabuni. Akawasha jiko, akatia spoku motoni, akazungushia spana moja baada ya nyingine, akajiunguza kidole gumba. Akaondoa trei, akagandisha zote kwenye ubao wa droo. Zilikuwa nzuri kupita zile za zamani, za rangi zote, mikato imenyooka. Akamwita baba yake.

Mzee Nasif alitia mkono. Akagusa ya kwanza.

"Ya nani hii?"

"Sijui, Baba. Nimeiokota."

"Na hii?"

"Nayo nimeiokota."

Akazipitia zote kwa heshima, kwa sababu alijua kazi iliyofanyika. "Umekata vizuri, mama. Spoku yako ilikuwa na moto wa kutosha." Akautoa mkono. "Lakini hawa wote ni wageni. Siwezi kukaa na wageni wengi hivi katika umri huu. Nitawachanganya majina."

Rahmah akataka kukasirika, akakuta hasira hakuna. Mzee alikuwa amesema kweli tupu. Akasimama barazani akaangalia ua, na pale kwenye mlango wa Makokha akaona ndala mbili kubwa kama mitumbwi.

"Makokha! Nipe ndala yako ya kulia."

"Ya kulia tu? Nitembee na moja kama kuku mwenye kidonda?"

"Nitakununulia mpya. Lete!"

Ile ya Makokha ilikuwa imelika mbele, chini ya dole gumba, kwa miaka ya kukanyaga pedali ya mafuta lorini. Mzee aliipapasa hata kabla haijakatwa, akaangua kicheko, cha kwanza tangu afike Mbale. "Huyu dereva! Huyu hata peponi ataingia na mguu kwenye mafuta. Mpe ishirini na nne." Nafuna naye, aliposikia, alivua yake bila kuombwa. Ilikuwa bapa, haina shimo wala bonde, imetulia kama mwenyewe, na mzee akasema hiyo ni ya mtu anayekaa, apewe kumi na saba. Nafuna akataka kujua nani amemwambia mzee maneno hayo, akamtolea Rahmah macho. Mzee akatoa na ya kwake, akaichagulia kumi na tisa. Watoto wa Nafuna wakaleta zao kwa fujo, na mdogo kuliko wote akapata namba nane, akaanza kulia kuidai ndala, ikabidi abembelezwe na andazi.

Ndala za wageni zikabanduliwa, za wenyeji zikagandishwa. Mzee mwenyewe alishikilia spana na Rahmah akazungusha spoku. Ua mzima ulinuka raba, na Nafuna akalalamika kwamba mandazi yake yatanuka gurudumu. Rahmah alisimama kidogo aliposikia maneno hayo. Baba yake pia alisimama. Kisha wakaendelea.

Mwishoni ikabaki nafasi moja, pembeni mwa ndala ya mzee. Rahmah alikuwa ameiruka makusudi tangu mwanzo, na baba yake naye alikuwa ameiruka, kila mmoja akijifanya haioni, ingawa mmoja tu ndiye aliyekuwa na haki ya kutoiona.

"Kumi na tatu tuiache wazi, Baba," Rahmah alisema. "Nafasi yake ikae tu hivyo."

"Spana haiwezi kukaa hewani, mama. Lete ya kwako."

"Yangu imekwisha, Baba. Mimi ndala zangu..."

"Lete."

Akavua ya mguu wa kulia, akaipangusa kwenye gauni, akampa. Akaona aibu ilivyolika, kisigino kimekwisha upande mmoja mpaka rangi ya chini imetokeza.

Mzee Nasif aliipokea kwa mikono miwili. Dole gumba lake likaingia kwenye shimo la dole gumba. Likashuka taratibu kwenye ukingo wa nje, ukingo ulioliwa, likafika kisiginoni, kule kwenye bonde lililoinama kando. Likasimama hapo. Akarudi mwanzo, akapita tena njia ileile. Nafuna alikuwa anasema kitu, Makokha akamshika mkono anyamaze.

"Aminah," alisema mzee.

Rahmah alidhani anakumbuka tu. "Ndiyo, Baba. Ya Mama nimeichoma. Nisamehe."

"Hukuichoma." Machozi yalikuwa yakimtoka na hakuyafuta. "Umeivaa. Umekuwa ukitembea nayo siku zote hizi, mama, wala huambii mtu. Leta kumi na tatu."

Wakaikata pamoja. Walipokwisha, mzee alipaka solusheni mwenyewe, akaigandisha ubavuni mwa yake, akasubiri ishike, akasukuma droo ikafunga. Kisha akaifungua tena na kutia mkono, uso wake ukiwa barabarani, akawapitia wote mmoja mmoja bila haraka. Suala la basi la Jinja halikutajwa siku hiyo, wala siku nyingine.

"Mzee wangu," Makokha aliita baadaye kutoka kwenye lori, amesimama na ndala moja, kioo chake bado kinaning'inia. "Sasa naweza kupata ile kumi na tatu?"

Droo ikavutwa. Mkono wa mzee ukaenda moja kwa moja, ukainua spana, kisha ukabaki kidogo pale ndani.

"Ipo," akajibu Mzee Nasif. "Lakini sogeza lori hapa mlangoni. Aminah hatoki nje ya ua."